Mwosha Huoshwa: Lugha ya Kuomba Radhi Miongoni mwa Wakuu wa Vyombo vya Habari Jijini Nairobi

Utangulizi

Wahenga walisema mwosha huoshwa. Methali hii, ambayo chimbuko lake ni shughuli ya kumwosha maiti, humkumbusha aliye hai kwamba zamu huzunguka. Katika jamii ya leo, chombo cha habari ni miongoni mwa waosha wakuu. Ndicho kinachomtaka waziri aeleze fedha za umma zilikokwenda, na ndicho kinachomkabili mfanyabiashara, mhubiri na mwanasiasa kwa maswali ambayo mwananchi wa kawaida hana nafasi ya kuyauliza. Lakini chombo hicho huendeshwa na binadamu, na binadamu hukosa. Siku kinapokiuka maadili ya kazi yake, mkuu wake hulazimika kusimama mahali ambapo amezoea kuwasimamisha wengine.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza lugha ambayo wakuu wa vyombo vya habari huitumia wakati huo. Swali linaloongozwa nayo ni hili: taarifa ya kuomba radhi inapotolewa, nani hasa anayesemezwa? Hoja inayojengwa ni kwamba taarifa nyingi za aina hii, hata zinapokuwa na maneno ya toba, huelekezwa kwa mdhamini na kwa mdhibiti, huku aliyekosewa akipitwa. Aidha, inaonyeshwa kwamba sarufi ya Kiswahili inampa msomaji chombo mahususi cha kuutambua ukwepaji huo.

Mifano mikuu imetokana na upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, kuanzia Westlands na Riverside hadi Muthangari. Barabara ya Waiyaki, inayopita kando ya Muthangari, inafaa kuzingatiwa hasa. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina makao yake kando ya barabara hiyo, na wakati wa kisa cha mwaka 2021 kitakachojadiliwa hapa, kampuni ya Radio Africa nayo ilikuwa na ofisi zake kando ya barabara iyo hiyo, katika mtaa wa Westlands. Mkosaji na mwadhibu walikuwa majirani. Aliyekosewa hakuwa na anwani katika barabara hiyo.

Pole, Samahani, Radhi na Toba

Kabla ya kuzitazama taarifa zenyewe, ni muhimu kuyapambanua maneno. Mswahili akimkuta jirani amefiwa humwambia pole. Neno hilo halimfanyi msemaji kuwa mwuaji. Linaonyesha tu kwamba ameshiriki machungu ya mwenzake. Samahani, kwa upande wake, humwelekea mtu aliyeguswa na tendo la msemaji mwenyewe, japo mara nyingi tendo hilo huwa dogo, kama vile kumkanyaga mtu katika matatu au kumkatiza maneno.

Radhi ni neno zito zaidi. Maana yake ya msingi ni ridhaa, yaani utulivu wa moyo wa mtu ambaye hana tena kinyongo. Kwa hiyo anayeomba radhi anakiri kwamba kitu anachokitaka kimo mikononi mwa mwingine, na kwamba mwingine huyo ana haki ya kumnyima. Ndiyo maana mwana aliyemkosea mzazi hawezi kujitangazia radhi mwenyewe. Sharti aende, aombe na angoje.

Toba nayo ina masharti yake. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yameathiri sana msamiati wa Kiswahili, anayetubu hutakiwa kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Iwapo kosa lenyewe limegusa haki ya mja, hutakiwa pia kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Sharti hili la nne ndilo linaloitenga toba ya kweli na majuto matupu.

Inavutia kuona kwamba wataalamu wa mawasiliano wa nchi za Magharibi wameyafikia mambo yanayokaribiana na haya kwa njia nyingine. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba baadhi ya semi ni matendo: anayeahidi ametenda, na anayeomba msamaha ametenda. Tendo la aina hiyo huhitaji masharti fulani ili litimie. Naye William Benoit, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995 kuhusu namna watu na mashirika wanavyorejesha sifa zao, aliorodhesha njia tano: kukana, kukwepa lawama, kupunguza uzito wa kosa, kurekebisha kilichoharibika, na kukiri kwa kuomba msamaha. Tofauti kubwa ni kwamba nadharia ya Benoit huuliza mkosaji atairejeshaje sifa yake, ilhali masharti ya toba huuliza aliyekosewa atarudishiwa nini. Maafisa wa uhusiano mwema hufanya kazi kwa kuliuliza swali la kwanza. Mara nyingi umma hungojea jibu la pili.

Umbo la Kitenzi na Umbo la Lawama

Sarufi ya Kiswahili inaweza kutumiwa kama mizani katika suala hili. Tuchukue sentensi nne zilizobuniwa kwa ajili ya mjadala huu:

(a) Tulimkosea mwanamke huyu.
(b) Mwanamke huyu alikosewa.
(c) Makosa yalitendeka.
(d) Iwapo kuna aliyekwazika, tunasikitika.

Katika sentensi (a), kitenzi kimoja kimebeba kila kitu. Kiambishi tu- kinamtaja mtenda, -li- kinautaja wakati, -m- kinamtaja aliyetendewa, mzizi -kos- unalitaja tendo lenyewe, na kiambishi -e- cha kauli ya kutendea kinaonyesha kwamba kosa lilimfikia mtu. Hakuna mahali pa kujificha. Lugha nyingi huhitaji sentensi nzima ili kuyasema yaliyomo katika neno hilo moja, tulimkosea.

Katika (b), kauli ya kutendwa imemwondoa mtenda katika nafasi ya kiima, lakini haijamfuta. Msikilizaji bado anaweza kuuliza, alikosewa na nani? Sarufi inamruhusu kujibiwa. Katika (c), hali ni tofauti. Kauli ya kutendeka hulionyesha jambo kana kwamba limejitukia lenyewe, jinsi kikombe kinavyovunjika au uzi unavyokatika. Haiwezekani kusema kwamba makosa *yalitendeka na watangazaji*, kwa maana kauli hiyo haina nafasi ya mtenda. Anayeichagua huwa amelifunga swali kabla halijaulizwa.

Sentensi (d) ni ya werevu zaidi. Kwanza, inalitilia shaka kosa lenyewe kwa neno iwapo. Pili, inauhamisha uzito kutoka kwa tendo hadi kwa hisia za msikilizaji: tatizo si kilichosemwa, tatizo ni kwamba kuna mtu mwepesi wa kukwazika. Tatu, inatumia kitenzi kusikitika, ambacho ni ndugu wa pole. Mtu anaweza kusikitishwa na mvua, na ukame na kufungwa kwa timu anayoishabikia. Kusikitika hakumtii yeyote hatiani.

Inafaa kukumbuka kwamba mengi ya matangazo haya jijini Nairobi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, lugha ambayo neno lake moja la kawaida hutumiwa kumpa mtu pole na pia kukiri kosa. Mhariri wa taarifa ya habari ya Kiswahili anapolifasiri, analazimika kuchagua. Akiandika kwamba kampuni imesikitika, ametoa pole. Akiandika kwamba kampuni imeomba radhi, ameikirisha kosa ambalo pengine mawakili wake walijitahidi lisikiriwe. Kwa hiyo mfasiri huamua jambo zito, mara nyingi kwa dakika chache na bila kushauriwa na yeyote.

Picha ya Riverside, 2019

Tarehe 15 Januari 2019, magaidi walishambulia jengo la ofisi na hoteli la DusitD2 katika barabara ya Riverside. Watu 21 waliuawa. Gazeti la The New York Times la Marekani lilichapisha katika mtandao picha ya shirika la Associated Press iliyoonyesha maiti za watu waliouawa wakiwa wameketi mezani. Wakati huo baadhi ya familia zilikuwa bado zikiwatafuta jamaa zao hospitalini na katika vyumba vya kuhifadhia maiti.

Hasira ya Wakenya ilikuwa kubwa. Mwandishi mmoja wa gazeti hilo aliyehusishwa na habari hiyo alijitetea kwamba si yeye aliyeichagua picha, utetezi ambao uliongeza moto badala ya kuuzima. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lililiandikia gazeti hilo likilitaka liiondoe picha katika muda wa saa 24. Picha haikuondolewa. Wahariri wa New York walitoa maelezo kwamba walijali uchungu wa waathiriwa, ila waliona ni wajibu wao kuwapa wasomaji sura halisi ya ukatili wa mashambulizi kama hayo.

Kwa mizani iliyotajwa, jibu hilo halikuwa ombi la radhi. Lilikuwa pole iliyoambatanishwa na utetezi. Hata hivyo, lina sifa moja inayostahili kutambuliwa: wahariri wakuu walijitokeza kwa majina yao na kuutetea uamuzi kama wao, pasipo kumtupia mwandishi wa chini. Upungufu wao ulikuwa kwingine. Msomaji waliyemzungumzia, yule anayehitaji kuonyeshwa ukatili, alikuwa mbali na Nairobi. Aliyekuwa akitafuta nduguye usiku huo hakuhitaji kuonyeshwa. Wakenya waliuliza kama gazeti lingechapisha picha za aina hiyo iwapo mashambulizi yangetokea Marekani, na katika swali hilo mlikuwa na methali yote ya mkuki kwa nguruwe.

Mfano wa kulinganisha ulikuwa umetokea miaka michache awali, baada ya shambulio la jumba la Westgate la Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Gazeti la Daily Nation lilichapisha katika ukurasa wa kwanza picha ya majeruhi akiwa katika maumivu makali, na wasomaji wakalalamika. Linus Gitahi, aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa Nation Media Group, aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Gazeti la nyumbani lilikuwa na wasomaji waliowafahamu waathiriwa. Ukaribu huo unaeleza kwa kiasi fulani kwa nini kampuni moja ilikiri na nyingine ikajitetea: si rahisi kumtolea nadharia mtu mtakayekutana naye matangani.

Kipindi cha Asubuhi, 2021

Kisa cha pili kilihusu redio. Mwezi Machi 2021, watangazaji watatu wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio, kituo cha kampuni ya Radio Africa, walizungumzia mkasa wa mwanamke aliyejeruhiwa vibaya baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya 12 ya jengo moja katikati ya jiji. Mwanamke huyo alieleza kwamba alisukumwa na mwanamume aliyekuwa amekutana naye. Mazungumzo ya watangazaji yalielekea kumtwika lawama yeye mwenyewe, kana kwamba kukubali kutoka na mtu ni kukubali kudhuriwa.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Katika muda wa siku chache, watangazaji walisimamishwa kazi, kisha wakaachishwa kabisa. Kampuni ya bia ya East African Breweries ilitangaza kwamba imesitisha matangazo yake ya biashara katika kituo hicho. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilikitoza kituo faini ya shilingi milioni 1 na kukisimamisha kipindi kwa miezi sita.

Kwa mtazamo wa uhusiano mwema, kampuni ilitenda kama inavyofundishwa vyuoni: haraka, hadharani na kwa hatua zinazoonekana. Ni kweli pia kwamba kuwaachisha kazi watu waliozoeleka na kupendwa na wasikilizaji ni gharama, na kampuni nyingine zingenyamaza hadi kelele zitulie. Hayo yanastahili kutambuliwa.

Hata hivyo, maswali mawili yanabaki. La kwanza linahusu kiambishi tu-. Kipindi cha redio hakitengenezwi na watangazaji peke yao. Kina mtayarishaji, kina msimamizi, na kina watu wa mauzo wanaokinadi kwa wadhamini. Mtindo wa kuzungumzia mapenzi na kuwafanyia wanawake mzaha kila asubuhi haukubuniwa siku hiyo. Ulikuwa umezoeleka katika redio za jiji kwa miaka mingi, na uliuzwa kwa sababu ulisikilizwa. Mkuu anapotangaza kwamba watatu wameondoka, tunahukumu hugeuka walikosea. Mtenda hutajwa, naam, lakini ametajwa akiwa nje ya mlango.

Swali la pili linahusu kiambishi -m-. Mdhamini ana mkataba, kwa hiyo ana uwezo wa kuuvunja. Mdhibiti ana sheria, kwa hiyo ana uwezo wa kutoza faini. Mwanamke aliyelazwa na majeraha hana mkataba wala sheria ya kituo mkononi. Faini ya shilingi milioni 1 huingia katika hazina isiyo yake. Katika masharti ya toba, haki ya mja hurudishwa kwa mja. Katika utaratibu wa udhibiti, hurudishwa kwa ofisi.

Jambo hili si la Kenya pekee. Mwezi Julai 2011, ilipofichuka kwamba gazeti la News of the World la Uingereza lilikuwa limedukua simu ya msichana wa shule aliyeuawa, wadhamini walianza kulihama, na kampuni ikalifunga gazeti hilo lililokuwa limedumu miaka 168. Baadaye Rupert Murdoch alichapisha matangazo ya ukurasa mzima ya kuomba radhi katika magazeti ya nchi. Lakini kabla ya matangazo hayo kutoka, alikwenda kuonana na familia ya msichana huyo na kuwaomba radhi uso kwa uso. Mtu anaweza kuutilia shaka moyo wake, na wengi waliutilia shaka. Tendo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa na umbo sahihi: mwenye mamlaka alimwendea aliyekosewa.

Radhi ya Kushurutishwa

Yapo mapingamizi mawili ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni la mawakili. Mkuu anayesema tulimkosea amekiri, na kukiri kwaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Kwa kampuni inayoajiri mamia ya watu, neno moja laweza kuwa ghali. Hofu hii ni ya haki, ila haina budi kupimwa. Aghalabu kinachomfikisha mtu mahakamani ni kunyimwa kauli aliyoitaka tangu mwanzo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Si kila anayedai kukosewa amekosewa. Mwishoni mwa Februari 2006, gazeti la The Standard liliandika kwamba Rais Mwai Kibaki alikutana kwa siri na Kalonzo Musyoka, mwanasiasa wa upinzani. Pande zote mbili zilikanusha. Waandishi wa gazeti walikamatwa, na tarehe 2 Machi 2006 maafisa wa serikali waliojifunika nyuso walivamia mitambo ya kuchapisha ya gazeti hilo na studio za runinga ya KTN. Katika mazingira kama hayo, kuomba radhi kungekuwa kuusujudia mtutu. Mwezi Januari 2016, mhariri Denis Galava wa Nation Media Group alisimamishwa kazi, na hatimaye kuachishwa, kufuatia tahariri ya Mwaka Mpya iliyomkosoa Rais Uhuru Kenyatta. Wakuu wake walieleza kwamba taratibu za ndani hazikufuatwa. Wakosoaji waliona kwamba neno taratibu limetumiwa kama pazia.

Visa hivi vinaonyesha kwamba wepesi wa kuomba radhi nao si kipimo cha maadili. Kipo chombo kinachomwomba radhi mkubwa kwa haraka na kumsikitikia mdogo kwa mbali. Kwa sababu hiyo, kipimo kinachofaa ni mwelekeo wa kauli: je, inapanda kwa mwenye nguvu, au inamshukia aliyeumizwa? Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zilitaka kosa lisahihishwe upesi na kwa uzito unaostahili, na zilitaka tahadhari katika kuwaendea watu walio katika msiba. Masharti hayo yaliandikwa kwa kumfikiria mtu wa kawaida. Mwenye mamlaka ana njia nyingine za kusikika.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba lugha ya kuomba radhi si pambo la mwisho linaloongezwa baada ya uamuzi kupitishwa. Ndiyo mahali ambapo uamuzi wenyewe hujidhihirisha. Mkuu wa chombo cha habari anapochagua yalitendeka badala ya tulimkosea, amekwisha kuamua nani atabeba mzigo na nani ataachwa aondoke na maumivu yake.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi katika jambo hili, kwa kuwa wengi wao wataajiriwa kama wahariri, wafasiri na maafisa wa mawasiliano katika kampuni hizo hizo. Siku watakapopewa taarifa ya Kiingereza ili waifasiri kabla ya habari za saa moja, waulize maswali matatu: nani alitenda, alitenda nini, na alimtendea nani. Taarifa ikiwa na majibu, kitenzi kimoja cha Kiswahili kitatosha kuyabeba. Ikiwa haina, mfasiri asiitungie toba ambayo mwenyewe hakuitoa. Aandike kwamba kampuni imesikitika, aishie hapo, na amwachie msikilizaji kazi ya kusikia kilichokosekana.